Kabla ya mota, tuoneshwe bawa

Abiria anayepanda Cessna Caravan pale Arusha kwenda Seronera, au Wilson kwenda Maasai Mara, hukaa chini ya bawa. Katika ndege hiyo bawa limepita juu ya paa, na mafuta yote ya safari yamo ndani yake, kushoto na kulia. Ndege hiyohiyo, tuliyoizoea kama basi la porini, ni miongoni mwa zinazolengwa kwanza kufungwa mfumo mseto wa mafuta na umeme. Kampuni ya Ampaire ya Marekani ilirusha Caravan ya namna hiyo huko California Novemba 2022, na imekuwa ikitafuta cheti cha kuwauzia marekebisho hayo wenye ndege zilizokwisha tumika.

Gazeti hili halipingi umeme angani. Mafuta ya ndege ni ghali, na moshi wake sote tunauvuta. Tena hewa nyembamba haiipunguzii mota ya umeme nguvu kama inavyoipunguzia injini, jambo lenye maana kubwa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Tunachopigia kelele ni kwamba mazungumzo yote yamejaa betri na mota, na bawa linalobeba roho za watu halitajwi.

Watu wawili wakibeba mzigo kwa mti mabegani, gunia likining'inia katikati, mti hupinda. Mzigo ukigawanywa mafungu mawili na kusogezwa karibu na mabega, mti hunyooka. Ndege angani iko hivyohivyo. Hewa huyainua mabawa, kiwiliwili huvuta chini katikati, na panapoumia zaidi ni shina la bawa, pale linapoungana na kiwiliwili. Mafuta yaliyomo ndani ya bawa ni mzigo uliosogezwa mabegani. Yapunguze, uweke betri za mamia ya kilo tumboni mwa ndege, na umelirudisha gunia katikati ya mti. Mizani inaweza kusoma uzito uleule, na bado shina la bawa likawa linabeba zaidi ya lilivyokadiriwa na waliolichora.

Na betri ni nzito. Kilo moja ya mafuta ina nishati ya takriban kilowati-saa 12. Kilo moja ya betri ya lithiamu, ikishafungwa kwenye kasha lake, haifiki hata theluthi ya kilowati-saa moja. Ni kweli mota hupoteza nishati kidogo kuliko injini, kwa hiyo pengo hupungua, lakini halizibiki. Isitoshe, mafuta huungua njiani na ndege hufika ikiwa nyepesi. Betri haipungui. Itatua na uzito wake wote juu ya changarawe, safari baada ya safari, na mshindo wa kila kutua utafika kwenye bawa.

Wapo waliotaka kulibadili bawa lenyewe. NASA ilichukua Tecnam P2006T, ndege ndogo ya Italia yenye injini mbili, ikaipa jina X-57, ikachora bawa jembamba lenye eneo la takriban asilimia 42 tu ya lile la mwanzo. Lilikusudiwa kubeba mota 14: ndogo 12 kwenye ukingo wa mbele za kusaidia kupaa na kutua, na kubwa mbili kwenye ncha. Mradi ulitangazwa 2016. Juni 2023 NASA ikasema ndege haitaruka, kwa kuwa mfumo wa msukumo ulionekana kuwa na hitilafu ambayo ingehatarisha maisha ya rubani. Airbus, Rolls-Royce na Siemens nao walianza mradi wa kufunga mota ya megawati 2 kwenye ndege ya BAe 146 mwaka 2017. Ulifungwa Aprili 2020 kabla ya kupaa. Hawa ni watu wenye maabara na fedha, na walisimama. Tunawaheshimu kwa hilo.

Anayedhani injini na bawa ni mambo mawili yasiyohusiana asome habari za Lockheed Electra. Ndege hiyo ya rafadha nne ilianza kubeba abiria Januari 1959. Tarehe 29 Septemba mwaka huohuo moja ilivunjika angani Texas, wakafa wote 34. Tarehe 17 Machi 1960 nyingine ikavunjika Indiana, wakafa wote 63. Uchunguzi ulionesha kwamba vishikizo vya injini vilikuwa vimelegea, rafadha ikaanza kuyumba kama pia inayokaribia kuanguka, na mtikisiko huo ukakutana na mtikisiko wa bawa. Bawa likapapatika hadi likang'oka. Lockheed ililazimika kuimarisha mabawa na vikalio vya injini vya ndege zilizobaki.

Sasa mota ya umeme ina uzito wake, vishikizo vyake, na rafadha yake yenye mwendo wake. Kila kimoja hubadili namna bawa linavyotikisika, na hesabu zilizofanywa kiwandani kwa injini ya zamani hazitoshi tena. Kama nyaya za umeme mkubwa zitapita bawani jirani na matangi ya mafuta, lipo pia suala la cheche, ambazo hewa nyembamba ya juu huzirahisishia kuruka.

Kwetu kuna la ziada: umri na chumvi. Mwaka 2005 ndege ya baharini aina ya Grumman Mallard, iliyoundwa 1947 na baadaye kufungwa injini mpya, ilipoteza bawa la kulia ikipaa Miami na watu 20 wakafa. Hatusemi injini mpya ndizo zilizowaua. Kilichowaua ni nyufa za chuma kilichochoka, ambazo matengenezo hayakuziona wala kuzitibu ipasavyo. Ndege inayolala Zanzibar kila usiku huvuta chumvi hiyohiyo.

Mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya huweza kukubali cheti kilichotolewa Marekani au Ulaya. Kwa marekebisho haya, cheti peke yake kisipokelewe. Pamoja nacho yaletwe matokeo ya majaribio ya uchovu wa shina la bawa na ya kupapatika, kwa uzito wa kutua na betri zote, na bawa la kila ndege inayoombewa marekebisho lifunguliwe na kukaguliwa kabla ya mota kufungwa. Kazi ya kuyasoma matokeo hayo ipewe CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioko Entebbe, ili mwenye ndege aliyekataliwa Dar es Salaam asikimbilie Nairobi. Na wahandisi watakaoyasoma wapelekwe mafunzoni mwaka huu, kabla maombi ya kwanza hayajafika mezani.