Kabla ya kuongeza wati, shusha maiki

Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania ilizorota, na wakazi wa Dar es Salaam waliona jinsi mawasiliano yetu yanavyotegemea njia chache. Redio za ridhaa, ambazo wenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hutambulishana hewani kwa alama zinazoanza na 5H, hazihitaji nyaya hizo wala minara ya simu. Lakini redio inayosikika bila kueleweka haimsaidii mtu, na mara nyingi kinachoiharibu ni maiki iliyofunguliwa kupita kiasi. Kwa hiyo kurekebisha maiki si suala la ladha ya mwenye redio. Masafa ni ya wote, na anayeyatumia ana wajibu kwa wenzake.

Maneno hueleweka zaidi kwa konsonanti kuliko vokali. Nguvu kubwa ya sauti ya binadamu imelala chini, kwenye vokali na mvumo wa kifua, ilhali s, sh, t na f ni dhaifu na zinategemea zaidi masafa ya juu, kuanzia hezi 1,000 na kuendelea. Mfikirie mtu anayeita msaada wakati wa mafuriko akitaja Mbagala, au Mbezi, au Mbweni. Besi ikivuma, msikilizaji ataambulia "mbe" au "mba" tu, na Mbagala iko Temeke, kusini, wakati Mbweni iko Kinondoni, kaskazini mwa jiji. Tatu na tano nazo huchanganyika vivyo hivyo. Kwenye SSB, yaani urushaji wa sauti kwa ukanda mmoja tu wa pembeni, ambako sauti hupewa nafasi isiyozidi sana kilohezi 3, nguvu inayotumika kuvumisha chini ya hezi 300 ni hasara tupu. Punguza besi, pandisha kidogo sauti za juu, weka maiki vidole vichache kutoka mdomoni na pembeni kidogo, ili pumzi ya p na b isiipige moja kwa moja.

Wapo watakaosema kwamba jiji letu lina kelele mno: jenereta, chaja za bei rahisi na taa za LED hujaza uchafu kwenye masafa, hivyo lazima mtu asukume sauti ili apenye. Hoja hii ina uzito. Kubana sauti kwa kiasi kunainua wastani wa nguvu, na kwa kituo dhaifu kunaweza kuleta tofauti kati ya kusikika na kupotea. Ila mbano haujui kutofautisha neno na kelele. Katika chumba chenye joto, Tandika au Mwananyamala, kila msemaji anapovuta pumzi mbano huunyanyua mvumo wa pangaboi na honi za bodaboda, kisha huvirusha hewani kwa nguvu inayokaribia ile ya maneno yake. Akizidisha tena, sauti inapasuka na kumwagika nje ya nafasi yake, na kituo cha jirani kinashindwa kupokea. Anayejitetea dhidi ya kelele amekuwa kelele kwa mwenzake. Anza na mbano ukiwa sifuri, ongea kwa sauti yako ya kawaida, fungua maiki mpaka mshale wa ALC, kidhibiti cha kiwango ndani ya redio, uanze kucheza kwenye vilele vya maneno tu, ndipo uongeze mbano kidogo kidogo.

Mwingine atasema hana haja, kwani kila anayezungumza naye humpa tano-tisa. Alama hiyo imegeuka salamu. Tano ya mwanzo inapaswa kumaanisha kila neno limeeleweka, na tisa inahusu nguvu ya mawimbi, ambayo maiki mbovu haiipunguzi. Heshima yetu ya kutomwambia mtu kasoro yake ni nzuri barazani, lakini hewani inamnyima msaada. Mwambie wazi: nguvu yako ni tisa, sauti inapasuka, shusha maiki, kisha rudia jina la mtaa.