Mayai ya Kawaida na Mayai ya Maneno Mengi

Ndugu zangu wa Morogoro, na wengine wote mtakaofikiwa na barua hii,

Nawaandikia kutoka Des Moines, jimbo la Iowa. Mdogo wangu wa Kihonda kaniuliza jambo, nikaona nilijibu mbele ya wote maana najua si lake peke yake. Ana banda la kuku wa mayai. Mwenye duka moja pale mjini kamshauri aachane na trei, atie mayai kwenye boksi za kupendeza zilizoandikwa "asilia", bei ipande. "Kaka, si ndivyo wanavyofanya huko kwenu Marekani?" Ndivyo. Na mimi naishi penyewe: hakuna jimbo Marekani linalotoa mayai mengi kama Iowa, na kuku wa mayai hapa ni wengi kuliko watu kwa mbali sana. Basi niwaeleze wanavyofanya, kisha yeye ataamua.

Dukani mayai yanachukua ukuta mzima wa friji. Huku lazima yakae kwenye baridi, kwa sababu yanaoshwa kiwandani, na kuyaosha kunaondoa ule utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda vijidudu visipenye. Yenu yasiyooshwa yanakaa juu ya kabati na hayana neno.

Ukishika boksi la bei ya chini utakuta mambo machache: daraja A, saizi kubwa, dazeni moja. Basi. Boksi la bei ya juu limejaa maneno mpaka kwenye mfuniko: bila vizimba, huru kutoka nje, ya malishoni, ya kilimo hai, bila homoni, omega-3, ya shambani, lishe ya mimea tupu. Maneno hayo yamepangwa pamoja kana kwamba yana uzito mmoja, na hapo ndipo mnunuzi anapopigwa.

Kuna yasiyo na kitu kabisa. "Bila homoni", kwa mfano. Marekani imepiga marufuku homoni kwa kuku tangu miaka ya 1950, kwa hiyo hata lile boksi la bei ya chini halina homoni, ila halikujisifu. "Ya shambani" nayo, sijui mayai mengine hutoka wapi. Na "lishe ya mimea tupu" inanichekesha kila ninapoisoma. Mtu aliyewahi kuona kuku wakiwagombania kumbikumbi mvua ikikatika anajua kwamba kuku aliyekula mimea tupu ni kuku aliyefungiwa ndani, si kuku aliyebahatika.

Kuna yenye kitu, lakini kidogo kuliko picha ya majani mabichi iliyochorwa pembeni. Kuku wa kizimba cha kawaida, kwa kipimo ambacho wafugaji wakubwa wenyewe walijiwekea, hupata inchi za mraba 67, yaani eneo dogo kuliko karatasi ya A4. Maisha yake yote ni hapo, hanyooshi mbawa. "Bila vizimba" inamwondoa humo, anatembea, anataga kwenye kiota, lakini bado yumo ndani ya jengo pamoja na maelfu ya wenzake na huenda asilione jua mpaka mwisho wake. "Huru kutoka nje" ina maana kwamba mlango upo. Nje kukoje na kuna nafasi gani, hilo neno lenyewe halisemi.

"Ya malishoni" ndiyo yanayofanana na kuku wa bibi, ila sheria ya nchi haijaliwekea neno hilo kipimo, kwa hiyo usilisome peke yake. Tafuta muhuri wa wakaguzi wa nje. Muhuri wa Certified Humane, kwa mfano, unataka kila kuku 1,000 wa malishoni wawe na ekari mbili na nusu, sawa na mita za mraba kama 10 kwa kila mmoja. Mayai ya kilimo hai nayo yana sheria ya serikali kuu na wakaguzi wake: chakula cha kuku kiwe kimelimwa bila dawa na mbolea za viwandani, na kuku wapate kutoka nje. Hayo yanaweza kukaguliwa, na ndiyo ninayoyaheshimu.

Sasa rangi, hapa mtacheka. Kwenu trei ya mayai ya kahawia ni ya kuku wa kisasa, na mama akitaka ya kienyeji anatafuta yale madogo meupe-meupe. Huku ni kinyume. Mayai ya kawaida ni meupe kwa sababu kuku wengi wa viwandani ni wa ukoo wa Leghorn, na la kahawia ndilo linaloonekana la kijijini, linaongezwa bei. Yale yale ambayo kwenu mtu anayakunjia uso kwamba ni ya banda, huku yanalipiwa kwa kuonekana hayakutoka bandani! Rangi ya ganda inatoka kwenye mbegu ya kuku, haihusiani na malezi yake wala lishe iliyomo. Kuku wengi wa mayai ya kahawia wana miili mikubwa na wanakula zaidi, kwa hiyo sehemu ya ile bei ni pumba na mahindi.

Rangi ya kiini nayo inategemea alichokula kuku. Mahindi ya njano, majani mabichi, hata unga wa maua fulani ukichanganywa kwenye chakula, vyote vinakoleza rangi. Mahindi yetu meupe ndiyo yanayopausha kiini cha kuku wa kisasa, wala si kwamba kuku ni mgonjwa au yai limetiwa dawa. Shangazi yangu anayesambaza zile sauti za WhatsApp kuhusu mayai ya plastiki naomba asikilize hapo mara mbili.

Na faida kwa mwili je? Yai kubwa moja, liwe la bei ya chini au ya juu, lina protini kama gramu 6 na kalori kama 70. Tofauti ipo kwenye yale ya omega-3, ambayo kuku wake wamelishwa vitu kama mbegu za kitani, na hapo ni kweli mafuta hayo yanaongezeka. Lakini mengi ni ya aina ya mimea, ambayo mwili unaigeuza kidogo tu kuwa ile ya samaki. Mtu anayepata vibua sokoni hana haja ya kulipa zaidi kwa ajili ya yai la namna hiyo.

Daraja AA na A ni habari ya ute ulioshikamana na kifuko kidogo cha hewa, yaani ubichi na usafi wa yai. Halikuambii kuku aliishije. Mimi ninachokisoma kwanza, kabla ya maneno yote, ni tarakimu tatu zilizopigwa ubavuni mwa boksi. Hiyo ni siku ya mwaka mayai yalipofungashwa: 001 ni Januari mosi, 045 ni Februari 14, 365 ni Desemba 31. Wakati mwingine boksi la bei kubwa limekaa rafuni siku nyingi kwa sababu wanunuzi wake ni wachache, na la kawaida limefungashwa juzi.

Bei nayo ina vituko vyake. Mafua ya ndege mnayasikia. Mwaka 2015 Iowa peke yake ilipoteza ndege wa kufugwa zaidi ya milioni 30, na tangu 2022 ugonjwa umekuwa ukienda na kurudi nchi nzima. Banda likipata maambukizi wanateketezwa wote, hawangoji kuona nani atapona kama tunavyofanya kwenye mdondo. Wastani wa bei ya dazeni ya mayai ya kawaida ulikuwa dola 2.52 Januari 2024, ukafika dola 6.23 Machi 2025. Na wakati huo, kwenye maduka mengine, mayai ya malishoni yalikuwa sawa na ya kawaida au chini yake! Sababu ni kwamba mayai ya kawaida bei yake hufuata soko la jumla, linalopanda na kushuka kila wiki, ilhali mengi ya yale maalumu huuzwa kwa mikataba mirefu iliyokwisha kupangwa. Aliyekariri kwamba maalumu ni ya matajiri na ya kawaida ni ya maskini alilipa zaidi kwa sababu hakusoma kibandiko cha bei cha siku hiyo.

Nina jirani, mama kutoka Uvira, Kiswahili chake kitamu, ana mtoto mchanga na yumo kwenye WIC, mpango wa serikali wa kuwalisha wajawazito na watoto wadogo. Siku moja kadi yake ilikataliwa kaunta kwa sababu alichukua boksi la mayai ya kahawia, akarudishwa na foleni nzima ikimtazama. Katika majimbo mengi mpango huo hulipia mayai ya kawaida tu. Mwaka 2018 Iowa ilitunga sheria kwamba duka linalopokea WIC, likiuza mayai maalumu, lazima liuze na ya kawaida. Wapo waliosema ni kuwabeba wafugaji wa vizimba, na sikatai, wafugaji hao wana sauti kubwa hapa. Lakini mama yule asingekuwa na yai la kumpikia mwanawe kama rafu ingejaa picha za malisho tupu.

Mimi nanunuaje? Ya keki na chapati za mayai nachukua ya kawaida, yenye tarehe ya karibuni. Mkono ukiwa na kitu nachukua ya malishoni yenye muhuri, na ile nyongeza naihesabu kuwa ni ya kuku, si ya afya yangu.

Sasa wewe wa Kihonda. Boksi si dhambi, likikupunguzia mayai kuvunjika litie. Nunua mizani, tenganisha makubwa na madogo, maana huku saizi ni uzito: dazeni ya makubwa haipungui gramu 680 hivi, na mnunuzi wa trei iliyochanganywa kila siku analalamika bure. Andika siku yalipookotwa. Andika jina la banda na mahali lilipo. Ukitaka kufuga na wa kienyeji, wafuge kweli, na mteja aje awaone wakichakura. Na huyo mwenye duka akiendelea kung'ang'ania neno "asilia", muulize atakayekuja kulikagua banda lako ni nani, na nauli yake atalipa nani.

Msalimieni mama.

Ndugu yenu,
Des Moines