MAJI SHULENI NI HAKI, SI HISANI



Maji ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, chemchemi za Marere katika Milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Kila tone liendalo kisiwani kutoka huko halina budi kupita bara. Hata hivyo, ziko shule Likoni, Kisauni na Changamwe ambako mtoto hubeba vitabu mkono mmoja na mtungi wa maji mkono wa pili. Mfereji ukikauka, husalia maji ya mkokoteni au ya kisima. Na visima vyetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe. Chumvi ya bahari hupenya, na uchafu wa vyoo vya shimo vilevile. Kuyachemsha maji hayo huua vijidudu, lakini chumvi haiondoki.

Kwa hiyo twawapongeza wanafunzi wanaojitolea kuchanga fedha, kusafisha michirizi ya paa na kutunza matangi. Paa la mita 100 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, laweza kutoa karibu lita 1,000. Masika yakikuta tangi safi lenye mfuniko, na maji ya kwanza yenye vumbi yakimwagwa, shule imepata akiba ya maana.

Lakini tusisahau harambee za enzi ya chama kimoja. Mara nyingi machifu walitoza michango kwa lazima, na mwanasiasa mwenye bahasha nene alishangiliwa bila kuulizwa alikoitoa. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, ila mazoea hayafutwi kwa kura ya Bunge. Harambee ya maji na iwe ya hiari. Asifukuzwe mtoto wa mzazi asiyejiweza. Hesabu zibandikwe ukutani, zisomwe na wanafunzi wenyewe.

Tena, mchango wetu usiwe msamaha kwa serikali. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Shule za msingi na za upili ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Huduma za maji ni jukumu la kaunti. Kila upande huunyoshea mwingine kidole, na mwanafunzi hubaki na kiu katikati. Wakidai hawana fedha, Kifungu cha 20(5) kimekwisha kuamua: ni wajibu wa serikali kuthibitisha kwamba hazipo. Si wajibu wa mzazi wa Likoni kuthibitisha kwamba zipo.

Wanaharakati na waumini, tunawasihi jambo moja. Kando ya kila tangi, liwepo daftari. Iandikwe mfereji ulikauka siku ngapi, mitungi mingapi ilinunuliwa, na kwa bei gani. Kila muhula, daftari hilo liambatanishwe na ombi rasmi chini ya Kifungu cha 37, nakala moja iende Bunge la Kaunti na nyingine Wizara ya Elimu. Kijana aliyejifunza kuuliza fedha za tangi zilikwendaje, kesho atauliza fedha za kaunti zilikwendaje. Huyo ndiye mwananchi tuliyempigania.