Ugonjwa wa Haiba si Utovu wa Adabu

Ndugu mwandishi ninayemjibu hapa ametuambia kwamba ugonjwa wa haiba wa bodalaini ni ukosefu wa malezi uliopewa jina la hospitali, na kwamba hautibiki. Nampinga.

Huyo anayemwita mtafuta huruma ni mtu ambaye ujumbe wa simu usipojibiwa jioni, huamini ameachwa. Hasira ikipanda, hutukana. Ikishuka, hujichukia hadi kujikata kwa wembe. Wengi waliumizwa utotoni, wengine wamezaliwa na wepesi wa hisia. Fimbo haitibu hilo.

Kuhusu kutotibika, Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1993 tiba inayomfundisha mgonjwa kustahimili hisia kali. Mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulazwa ujanani kwa kujiumiza. Tafiti zilizowafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi zinaonyesha kuwa wengi wao hupata nafuu.

Nakubaliana na mwandishi kwamba familia huchoka. Lakini kumtangaza mgonjwa hakuwapumzishi. Kijana wa Ibaba, huko milimani Ileje, akishaitwa kichaa, habari huenea kata nzima. Mchumba humkimbia, kibarua kadhalika. Akijaribu kujiua, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhesabu mkosaji. Kwa hali hiyo, nani atathubutu kumweleza mganga wa zahanati yanayomsibu?

Mwandishi anataka wagonjwa wawajibike. Sawa. Basi kwanza tuwape pa kutibiwa bila kuzomewa.