Tuulize Soko Kabla ya Kununua Mtambo

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano mkuu ujao mtaletewa shauri zito: je, akiba ya chama itumike kununua mtambo wa kutoa mafuta ya makonyo kwa mvuke? Maneno mengi yamekwisha kusemwa barazani na kwenye sakafu za kuanikia. Wengi wanalipenda shauri hili, na sababu zao zaeleweka: mafuta yana thamani kuliko makonyo, na vijana wetu wanahitaji kazi. Sisi hatusemi kuwa shauri ni baya. Tunasema kuwa bado hatulijui, na fedha zinazotajwa ni za wanachama wote, pamoja na yule mwenye mikarafuu mitano tu.

Tukumbuke yaliyotufika. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu alikuwa Indonesia. Hakuzitaka kwa ajili ya pilau; alizitaka kwa viwanda vya kreteki, sigara za Java ambazo tumbaku yake huchanganywa na karafuu. Sisi tukamwona mnunuzi huyo kama mvua ya masika, kwamba lazima atakuja. Lakini katika miaka ya 1970 Indonesia ilipanda mikarafuu kwa wingi, na katika miaka ya 1980 ikaanza kujitosheleza. Bei ikaanguka dunia nzima. Leo nchi hiyo ndiyo inayoongoza kwa kuzalisha karafuu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba pigo lile halikuja ghafla. Mkarafuu huchukua miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Aliyetaka kujua angaliweza kuuliza khabari za miche iliyokuwa ikipandwa huko, naye angalipata miaka ya kujitayarisha. Bei ya leo humwambia mtu khabari za leo tu. Khabari za kesho zimo katika mashamba ya wengine. Na hao Waindonesia nao walipanda kupita haja, hata mwanzoni mwa miaka ya 1990 karafuu zikawazidi na wakulima wao wakaumia.

Mafuta nayo yana kisa chake. Zamani mafuta ya karafuu yalitumiwa kutengenezea vanilini, yaani ile harufu ya vanila. Katika miaka ya 1930 viwanda vikaanza kuitengeneza kwa mabaki ya miti yanayotoka katika kazi ya karatasi, na mlango ule ukawa mwembamba. Hakuna mkulima aliyekosea kitu shambani mwake. Soko tu ndilo lililohama.

Kwa hivyo tunaomba kabla ya kununua mtambo yajibiwe maswali manne.

Kwanza, ni nani atakayenunua? Mafuta ya karafuu huhitajiwa na watengenezaji wa manukato, sabuni na dawa za meno. Lakini Indonesia na Madagascar huuza mafuta mengi ya majani ya mikarafuu, na mnunuzi wa ng'ambo hutazama bei na usafi wa mafuta, hatazami jasho la mtu. Tupate barua za wanunuzi zenye kusema watachukua mapipa mangapi, ya mafuta ya namna gani, na kwa bei gani.

Pili, makonyo yatatosha? Kilo 100 za makonyo hutoa kiasi cha kilo 5 hadi 7 za mafuta. Basi tani 10 zitatupa kilo 500 hadi 700, si zaidi. Nasi sote twajua kwamba mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Msimu mkubwa hufuatwa na misimu midogo. Hesabu ifanywe kwa mwaka mbaya, maana mwaka mzuri hauna haja ya kutetewa. Tena makonyo hayo hayo yahitajiwa na kiwanda kilichopo Wawi, Chake Chake. Wako wanaosema tutaongeza majani. Majani yakikatwa sana mti hupunguza kuzaa, na hapo tutakuwa tumeuza karafuu ili tupate mafuta.

Tatu, gharama za kila siku ni kiasi gani? Mtambo wataka kuni, maji mengi ya kupoza mvuke, fundi, vipuri, mapipa na nauli. Kuni zitatoka wapi? Isije ikawa tunakata mikarafuu ili tuchemshe makonyo.

Nne, sheria yasemaje? Biashara ya karafuu hapa kwetu ina sheria yake, na Shirika la ZSTC lina nafasi yake. Tuulize kwa maandishi, nasi tupewe jibu kwa maandishi.

Wako watakaosema kwamba uchunguzi ni kupoteza fedha na wakati. Sisi twaona kwamba gharama ya kuuliza ni sehemu ndogo sana ya bei ya mtambo, na mtambo ukisimama hakuna atakayeununua kwa bei tuliyonunulia sisi. Wengine watasema hesabu zipo tayari, kwa kuwa muuza mtambo amezileta. Muuza mtambo ni mtu wa heshima, lakini hawezi kuwa mdai na shahidi katika kesi moja. Hesabu ifanywe na mtu asiyepata kitu tukinunua wala tusiponunua.

Liko jambo moja ambalo ni nyinyi tu mnaoweza kulitenda. Hakuna mtaalamu atakayejua makonyo yetu ni kiasi gani ikiwa wenyewe hatusemi. Twajua wengi hawapendi kutaja mazao yao, kwa kuchelea macho ya watu au mengineyo. Lakini mali bila daftari hupotea bila khabari. Tunamwomba kila mwanachama aandike kilo za karafuu na za makonyo alizopata katika misimu mitano iliyopita, ile mibaya khasa, na karatasi hiyo ampe mjumbe wa tawi lake. Hapana haja ya kuandika jina. Idadi ya mikarafuu yatosha.

Shauri letu kwa mkutano ni hili: itengwe fedha kidogo kwa uchunguzi, ununuzi ungoje, na majibu yasomwe mbele ya wanachama wote. Majibu yakiwa mazuri, sisi tutakuwa wa mwanzo kunyoosha mkono. Yakiwa mabaya, tuwe na moyo wa kuyakubali, na akiba yetu itafute kazi nyingine: miche, majamvi, au kukarabati sakafu.

Karatasi zipokewe na wajumbe wiki mbili kabla ya mkutano, Inshaallah.

Katibu wa Chama