Gauni la Marehemu Halifumuliwi Ovyo

Mwaka 2024 Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1946, ilitoa upya albamu yake ya kwanza ya 1973: CD 6 na santuri 1. Sauti hazikusafishwa tu. Zilichanganywa upya, mlio wa ngoma ukabadilishwa, na wimbo mmoja ulioachwa zamani ukarudishwa.

Mimi ni fundi cherehani. Bibi harusi akiniletea gauni la marehemu mama yake, kulifua na kulipiga pasi ni jambo moja. Kufumua mishono ni jingine. Freddie alifariki 1991, hawezi kuulizwa. Wenzake wana haki, walishona pamoja. Lakini kazi ya marehemu ni amana: ile ya zamani nayo iendelee kuuzwa, mnunuzi achague mwenyewe.