Sehemu ya 6: Kabla hujalipa kodi ya miezi sita

Leo tuongee nyumba.

Mama analeta mtoto anayekohoa kila mara. Nikiuliza mnalala wapi, najibiwa: "Chumba kizuri nesi, kina vigae na jipsam." Madirisha? Moja, tena linatazama ukuta wa jirani.

Mimi nasema wazi: bora sakafu ya saruji na madirisha mawili yanayofunguka kuliko vigae kwenye boksi. Vigae mtoto havimsaidii. Hewa inamsaidia.

Huku kwetu Mbulu Juni na Julai baridi haina mchezo, na wengi tunaingiza jiko la mkaa ndani. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Unaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi mzito, na wengine hawaamki. Kwa hiyo uliza: pa kupikia nje papo? Kama hapana, hicho chumba si cha mwenye mtoto. Jiko lisilale ndani hata kama makaa yamebaki kidogo. Ongeza blanketi.

Gusa ukuta kwa chini, nyuma ya mlango. Ukiona unyevu au ukungu mweusi, rangi mpya isikudanganye. Choo mnatumia kaya ngapi? Pa kunawia papo?

La mwisho, toka nje uangalie maji yanapita wapi. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walifariki. Korongo unaloliona kavu Agosti ndilo mto wa Desemba. Usimuulize dalali, muulize bibi anayeuza mboga jirani: "Mvua kubwa ikinyesha, maji hufika wapi hapa?"

Najua hela ni ndogo na vyumba ni vichache. Lakini dalali anachukua chake siku hiyo hiyo na kuondoka. Wewe na mtoto ndio mtakaolala humo miezi sita, na kodi ukishalipa hairudi kirahisi. Nenda mara mbili, mara moja mvua ikinyesha.

Mtumie mwenzio anayetafuta chumba. Usiku mwema.